Bunduki ya Banda la Video

Mama Shadya,

Unga nimeleta, uko jikoni. Nimekwenda Mwanga.

Ulipokuwa bombani nilimaliza ile bunduki ya mbao ya banda la video, niliyoiga ya kwenye sinema. Niliifungia taa nyekundu na spika ya redio. Nilipobonyeza ikawaka, ikalia ta-ta-ta, nikacheka. Kumbe mgeni wetu Nabintu, aliyekimbia vita Kongo, amejitupa chini, kamfunika mwanawe.

"Dada, ni mchezo tu," nikamwambia.

"Hata bale ba kule, benye bunduki, balikuwa banacheka," akanijibu.

~~Niombee radhi kwake.~~ Acha, nitamwomba mwenyewe. Spika nimeing'oa.

Wamekimbilia chumbani kwao, bado wako chini ya kitanda. Usisukume mlango, mwite kwanza kwa jina, polepole, mpaka aitike.

Baba Shadya