Alibi ya Mkwe Asiyetajwa

Jumatatu, 14 Julai

Kesi za trafiki asubuhi nzima. Koo limekauka. Leo nimekuwa mtu wa boda, nimekuwa askari aliyemkamata, nimekuwa mwenye ploti wa mtaa wa Bulla Pesa na mpangaji aliyemng'ata mkono. Kazi ya mkalimani ndiyo hiyo, kusema "mimi" kwa niaba ya kila mtu. Nikifika nyumbani sina langu la kusema. Mzee wa nyumba kauliza chakula ni nini, nikamwonyesha sufuria kwa kidole.

Upepo wa Julai umejaza vumbi hadi kwenye sukari. Nimechoka.

Jumanne, 15 Julai

Kesi ya Guyo imeanza kusikizwa. Kijana mrefu, mpole, mtu wa Kinna. Anashtakiwa kuiba mbuzi katika boma karibu na soko la mifugo hapa mjini. Yuko rumande miezi sasa. Mwenye mbuzi anaapa alimwona kwa tochi.

Wakili wake, kijana kutoka Meru, kasimama akasema neno moja: alibi. Hakimu akaandika. Guyo akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiborana: wanasema ulikuwa mahali pengine. Akaitikia haraka. Ndiyo, usiku wa wizi alikuwa Rapsu, mbali na mji, shambani kwa mama mkwe wake, akifukuza ndovu kwenye mahindi.

Saa ya chai nikamuuliza wakili hilo neno limetoka wapi. Kilatini, na maana yake ni hiyo tu, mahali pengine. Na "alias" iliyo kwenye hati ya mashtaka, Guyo alias Mrefu? Ndugu yake. Wakati mwingine, kwa jina lingine. Na ile "inter alia" ambayo hakimu haishi kuisema? Ukoo huohuo, miongoni mwa mengine. Miaka yote hii ninawatafsiri kila mmoja peke yake, kumbe ni jamaa.

Lakini mjini alibi maana yake ni uongo uliopangwa. Binti yangu akichelewa, rafiki zake humtafutia alibi. Ndiyo shida ya Guyo. Neno lenyewe linafika kortini likiwa limeshachafuka.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Niandike nilale.

Shahidi alikuwa mama mkwe, Mama Qabale. Ndiye shahidi pekee. Wanawe walikuwa mbali wakichunga ng'ombe, bintiye, mke wa Guyo, alikuwa huku mjini na mtoto mgonjwa. Akaingia, akatoa salaam, akaapa. Kisha akavuta shashi, mtandio wake, hadi machoni na kugeukia ukuta. Mkwe wake alikuwa kizimbani, na kwetu Waborana mama hamtazami mkwe wake. Wala hamtaji jina.

Alieleza vizuri. Usiku ule ndovu walikuja. Alisikia sauti ya mkwe wake akiwapigia kelele na debe. Alfajiri akampelekea chai kwenye thermos, akaiacha kando ya ua na kuondoka, kama kila siku. Baadaye akaikuta tupu. Nilitafsiri kila neno.

Kiongozi wa mashtaka akainuka. Ulimwona? Hapana, simtazami. Anaitwa nani? Sitaji. Una wakwe wangapi? Watatu. Basi aliyekuwa shambani ni yupi? Wa binti mdogo. Yuko hapa kortini? Mwonyeshe.

Akavuta shashi chini zaidi.

"Mama, sema tu jina, tumalize twende nyumbani," akasema yule bwana, na hata hakuwa mkali. Nikatafsiri. Mama Qabale akatikisa kichwa akiwa ameangalia ukuta. Hakimu akaniuliza shahidi amejibu nini. Nikasema: hajajibu.

Hiyo ndiyo kweli. Niliapa kusema kinachosemwa, siyo kisichosemwa. Lakini nilijisikia vibaya, kama nimemkana mama yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Sikulala vizuri. Wakili alimweleza hakimu habari ya desturi, naye hakimu si mtu mbaya, alielewa. Akasema anaiheshimu, lakini faili haiwezi kuandika ukuta. Wakwe ni watatu, na sauti ya gizani si mtu. Amempa mama hadi Jumatatu. Asipomtambua mshtakiwa, alibi imeanguka, na hakuna ushahidi mwingine.

Mama amelala kwa jamaa zake mtaa wa Wabera. Nimepita pale nikirudi kutoka kazini, na sikuingia. Mkalimani hana upande. Nimeichukia kazi hii leo.

Jumatatu, 21 Julai

Mama Qabale ameingia akiwa amevaa shashi ileile. Nilidhani ataangalia ukuta tena. Kiongozi wa mashtaka hakuwa amemaliza hata swali.

Mama akafunua uso. Akageuka, akamtazama Guyo. Akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Guyo Halake Boru. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani.

Guyo alijiziba uso kwa mikono yote miwili na kugeukia ukuta yeye. Wazee wa Kiborana waliokuwa viti vya nyuma wakainamisha vichwa. Mmoja akatoka.

Hakimu akanitazama, akingoja. Nikafungua mdomo, sikupata cha kutafsiri. Nikarudia jina tu. Nikakohoa, nikasingizia vumbi.

Mama alipotoka nilimpa maji. Akaniambia, "Mwanangu, sasa nitampelekeaje chai?"

Jumanne, 29 Julai

Guyo ameachiliwa. Hakimu ameandika alibi haikuvunjwa, na kwamba tochi ya mwenye mbuzi ilikuwa mbali mno. Mkewe alilia sana. Mama mkwe hakuja. Guyo alitoka bila kumsalimia mtu yeyote. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

Mimi nilikuwa na kesi nyingine saa hiyohiyo. Chang'aa.

Jumapili, 10 Agosti

Sokoni nimekutana na mke wa Guyo akiuza vitunguu vya Rapsu. Tukasalimiana. Nikauliza mume wake yuko wapi. Amerudi shambani kwa mama, ndovu wamezidi. Nilitaka kuuliza lingine nikasita, nikachagua vitunguu polepole.

Akasema mwenyewe. Siku za kwanza thermos ilikaa kando ya ua hadi jioni, imejaa. Mama aliimwaga, na asubuhi akaileta tena. Juzi ameikuta tupu. Imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa, imegeuzwa mdomo chini, na hakuna mtu karibu.

Nimepika vitunguu vile. Vitamu.