Stika ya Wanza na Mchezaji wa Nne

Pipeline, Embakasi
Jumatano jioni

Mama,

Wanza, mwenye duka la vifaa vya kompyuta kule Komarock, amesema leo asubuhi kwamba vipande viwili vya RAM nilivyonunua kwake havirudi dukani, kwa sababu nilibandua stika zake. Alisema hivyo mara mbili, mbele ya wateja, na hakuwa na hasira. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo jipya kuliko yote, na linamhusu mjukuu wako, Simiyu.

Sasa salamu. Goti lako likoje? Ndugu yangu Wekesa aliniambia umeanza tena kutembea hadi sokoni bila fimbo. Wewe mwenyewe hukusema, kwa hiyo nakuuliza upya. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi kwenye simu unaitikia "eeh, eeh" hata pale nilipokuuliza ng'ombe amezaa nini, na mimi najua hujasikia. Mimi sina ugonjwa. Kikohozi cha vumbi kiliisha mvua iliponyesha. Kazini bado naandika habari za mahakama. Nakaa benchi la nyuma, nasikiliza watu, narudi ofisini naandika walichosema.

Krismasi uliniuliza mtu wa umri wangu anatafuta nini kwenye michezo ya watoto. Nyumba ilikuwa imejaa watu, nikakujibu ovyo. Jibu lenyewe ni hili. Tangu mama yake aende naye Uingereza kwa kazi ya uuguzi, Simiyu hapokei simu yangu. Hatujagombana. Inaita mpaka inakatika, halafu anaandika ujumbe: "Niko poa Dad. Simu inaboo." Yaani inamchosha. Nikimuuliza shule, poa. Nikimuuliza baridi, poa. Mambo yangu na mama yake unayajua, sirudii.

Muda mfupi kabla ya Krismasi aliandika ujumbe mrefu kuliko yote tangu aondoke. Kuna mchezo wa kompyuta anaocheza na wenzake wawili wa shuleni, na kikosi kinataka watu wanne. "Ukipata kompyuta ya gemu unaweza kuwa wa nne," aliandika. "Msimu unaanza ile Jumapili ya kwanza ya Februari. Kama hauko tutachukua mtu mwingine, usikasirike." Nilimuuliza wanachezaje kama kila mmoja yuko kwake. Akasema wanavaa spika za masikioni na kuongea muda wote. Sikuuliza lingine. Wanaongea.

Jumapili hiyo ndiyo hii inayokuja.

Kompyuta ya namna hiyo, Mama, mtu wa mshahara wangu haibebi nzima kutoka dukani. Unaiunda kipande kwa kipande. Aliyenielekeza ni Mutiso, jirani wa mlango unaofuata, mtu wa Kitui, karani kwenye godauni la sabuni. Yeye ameshaunda mbili, moja akaiuza, nyingine mke wake hataki kuiona. Nilipomwambia nimeanza kwa kuulizia bei ya RAM, alicheka akiwa bado ameshika ndoo ya maji.

"Baba Simiyu, wewe unanunua tairi na gari huna. Bodi ndiyo kwanza."

Bodi ni ule ubao ambao vipande vyote huchomekwa. RAM ni kumbukumbu ya muda mfupi. Nitakueleza kwa kazi yako ya zamani: kabati la shule ni diski, linaweka kila kitu, na RAM ni meza yako ya kusahihishia. Madaftari ya darasa zima yakienea mezani, unasahihisha mfululizo. Meza ikiwa ndogo, unashinda ukiinuka kwenda kabatini na kurudi. Mchezo wa Simiyu una madaftari mengi. Ukifunguliwa kwenye meza ndogo unakataa kabisa.

RAM zina vizazi, na bodi ya kizazi cha nne haipokei kipande cha kizazi cha tano. Pengo la kuchomekea limekatwa pahali tofauti. Cha tano ndicho kipya, lakini bei yake imepanda mpaka wauzaji wanaitaja kwa sauti ya chini. Wanasema viwanda vinahudumia kwanza makampuni makubwa ya akili bandia. Hilo nimelisikia kwa watu wengi na sijalithibitisha. Bei ninaithibitisha. Basi tukanunua bodi ya kizazi cha nne, iliyotumika, na vipande vingine vyote ila RAM, na Mutiso akanionya kuhusu jambo moja: ninunue vipande viwili pacha badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa pamoja na mashine inakuwa nyepesi. "Lakini wawe ndugu wa tumbo moja," alisema. "Wa kambo watakusumbua."

Ndiyo nikafika kwa Wanza Jumamosi. Ni mama wa makamo, ana mdomo, na duka lake ni dogo kiasi kwamba mteja akiingia mwingine hutoka. Nilimwambia mimi ni nani, Baba Simiyu wa gazetini, na ninachotaka. Alisema, "Kaa hapo, zipo," akatoka nje. Wewe utadhani alikwenda stoo. Huku ndivyo inavyofanyika: mwenye duka hakwambii hana. Anakuketisha, anakwenda kwa jirani, anarudi na kitu mkononi kana kwamba kilikuwa kwake tangu jadi. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Alirudi na vipande viwili, akatoa stika zake nyeupe, akaandika tarehe na kuweka sahihi, akabandika moja kwenye kila kipande, juu ya maandishi ya kiwandani.

"Hiyo stika ndiyo waranti yako," alisema. "Kikileta shida, leta na stika yake."

"Ni pacha?"

"Baba, nikuuzie kitu kibaya, halafu wewe ni mtu wa gazeti?"

Watu wawili mlangoni wakacheka. Na mimi nilicheka.

Nilipofika nyumbani niliviweka mezani nikaviangalia. Maandishi ya kiwandani ndiyo yanayotaja kasi na mtengenezaji, na stika ilikuwa imeyafunika. Kazi yangu yote ya miaka hii, Mama, ni kutoandika jambo kwa kuwa mtu fulani amesema ni hivyo. Ninaomba kuona karatasi. Nilichukua kisu cha jikoni, nikaibandua ya kwanza polepole, kisha ya pili. Stika za aina hiyo hazitoki nzima. Zinachanika na kuacha alama, ndivyo zilivyotengenezwa.

Chini yake niliona nilichokuwa nakitafuta. Vipande havikuwa pacha. Watengenezaji tofauti, kasi tofauti. Nilikuwa nimethibitisha, na kwa kuthibitisha nilikuwa nimeharibu kitu pekee ambacho kingenipa haki ya kulalamika.

Nilivichomeka hata hivyo. Nikiweka vyote viwili, feni inazunguka na skrini inabaki nyeusi. Nikiweka kimoja kimoja, kompyuta inawaka vizuri kabisa, lakini hiyo ni nusu ya meza, na mchezo unaandika kwamba kumbukumbu haitoshi, kisha unajifunga. Mutiso alikuja akajaribu kwa mpangilio wake. Skrini nyeusi. Kisha akaona zile alama za gundi, akazigusa kwa kidole.

"Nani alikutuma ubandue?"

"Nilitaka kusoma."

"Si ungesoma kwa kompyuta ikishawaka? Inakuonyesha kila kitu."

Sikujua hilo. Mtu wa mara ya pili angejua.

Leo asubuhi nilimwomba mhariri ruhusa ya kuchelewa nikarudi Komarock. Wanza aliviangalia vile vipande bila kuvigusa. Nilimwonyesha maandishi, nikamwambia havilingani. Alikubali kwamba havilingani.

"Mimi nakuamini wewe," alisema. "Lakini nilivitoa kwa mtu, na huyo mtu haamini mtu, anaamini stika. Nitampelekea nini, gundi?"

"Ulisema ni pacha."

"Na yeye aliniambia ni pacha. Sasa wewe ungeniletea na stika, mimi ningempelekea na stika, hata chai ningekunywa huko. Umejifungia mlango ukiwa nje, Baba Simiyu."

Sikubishana. Nikiwa mahakamani ningeandika kwamba upande wa pili ulikuwa na hoja. Mwishowe, wateja walipopungua, aliniambia mzigo wa kompyuta za ofisi zilizotumika utamfikia Jumanne, na kama ndani yake kutakuwa na ndugu wa kile kipande kimoja, ataniwekea, nami nimwachie hicho kingine pamoja na nyongeza kidogo. Jumanne. Jumapili inakuja kabla yake.

Nilirudi ofisini, na wakati wa chakula cha mchana nikamwandikia Simiyu ukweli wote. Alikawia kujibu, huenda alikuwa darasani.

"Kwa hivyo hukuji?"

"Siji kucheza. Haiwezekani kabla ya Jumanne."

"Sawa. Nitawaambia wachukue yule mwingine."

Nikasema sawa. Mama, niliweka simu mezani nikarudi kwenye habari ya mahakama. Kisha ujumbe mwingine ukaingia: "Lakini Dad. Nani hubandua stika?" Na mwingine: "Ati na kisu." Nikamweleza nilivyofanya, akauliza ni kisu gani, kile cha kukatia mboga ya sukuma? Nikamwambia ndicho. Alikikumbuka. Tuliandikiana hivyo mpaka kengele yao ikalia. Kabla ya kuondoka akaandika hivi, nakunakilia kama ilivyo: "Unaweza kuingia kwa sauti tu. Hiyo haitaki RAM mob. Lakini usiongee tukiwa kwa mechi, wenzangu watashangaa." "Mob" kwao ni nyingi.

Nilimuuliza kama wenzake watajua niko. Akasema atawaambia kuna mtu anasikiliza.

Huku kwangu hakuna jipya. Dirisha bado linatazama ukuta wa jengo la pili, na taa nawasha hata mchana. Nimeacha kununua unga wa pakiti kubwa kwa sababu unaingia wadudu kabla sijaumaliza, nanunua ugali uliopikwa kwa mama wa kibanda cha chini, ambaye huniuliza kila siku kama ni wa mtu mmoja. Jumapili ndiyo siku ndefu. Watu wa orofa yetu wanapika chapati, milango inafunguliwa, watoto wanatumwa na sahani kutoka nyumba hii hadi ile. Wanabisha na kwangu pia, siwezi kusema hawabishi. Napokea, nashukuru, nafunga.

Nisalimie ndugu yangu Wekesa, na umwambie ule mlango wa zizi autengeneze kabla hujaushika wewe. Salamu kwa Senge, shangazi yangu anayeuza ndizi, ambaye huniombea kwa sauti kubwa. Salamu kwa mwalimu mkuu wako wa zamani kama bado anakuja kunywa chai na kulalamikia mitaala. Wakikuuliza habari za Simiyu, waambie anaendelea vizuri na anaandika. Usiwaambie habari ya stika.

Jumamosi nitanunua spika za masikioni, na hizo nitazijaribu palepale dukani. Jumapili saa moja jioni kwa saa zetu ndipo wanaanza. Nitaingia dakika chache mapema, nizime kipaza sauti changu, nikae.

Mwanao,
Wafula