Gari Linaloinama Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumamosi, Morotonga. Manyunyu ya asubuhi yamekatika, jua limetoka, na tope la njiani limeanza kukaukia kwenye magurudumu.

Nimekaa kwenye gari langu, mlango wazi, miguu nje, simu mkononi. Ndani ya nyumba iliyo mbele yangu kuna wanawake watatu: mke wangu Bhoke, mama yake mzazi, na mama yake mdogo, Nyangi, ambaye ndiye mwenye nyumba. Wote watatu wanaongea kwa wakati mmoja, Kikurya kitupu, na sidhani kama kuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nimeletewa chai hapa hapa nje. Sijanuna.

Niseme tu ukweli: leo nimevimba kichwa. Atakayenikuta hivi aniache nivimbe, kesho nitapungua mwenyewe.

Mama mkwe amepanda gari langu. Hakushikwa na mtu.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa malori pale Sirari, huu ni mwaka wa kumi na tisa nalala chini ya magari ya watu. Nyumbani ni Nyarero. Gari langu ni stesheni wagoni ya zamani ambayo niliinyanyua mwenyewe, kwa sababu mawe ya kwetu hayana adabu na chasi ya chini. Ikawa juu kweli kweli. Vijana wa stendi waliisifu, nami nikasifika. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu ambaye magoti yake hayapandi.

Mama mkwe, ambaye anaishi huko huko Nyarero, anaumwa magoti miaka mingi sasa. Akikaa kwenye kigoda hainuki, kwa hiyo jikoni kwake anakalia kreti mbili za soda zilizopandana, juu kuna gunia lililokunjwa. Wanawe wa kiume wako machimboni, mbali. Bhoke ni mwembamba, na mama yake si mwembamba.

Sasa miezi miwili iliyopita habari ilitoka huku Morotonga kwamba macho ya Nyangi yanaisha. Daktari alimwambia yanaendelea kuzima taratibu na hakuna cha kuyarudisha. Hawa ni ndugu wawili waliobaki kati ya saba, na hawakuwa wameonana tangu magoti ya mkubwa yagome. Mama mkwe alisema anataka mdogo wake amwone usoni mara moja kabla giza halijafunga. Hakuomba kingine.

Nikaleta gari. Akaweka mguu kwenye ngazi ya mlango, Bhoke akimsukuma kwa nyuma, mguu ukateleza, na nikamwona anakuja chini kinyumenyume kwenye mawe. Nikamdaka. Mikono yangu yote miwili, chini ya makwapa yake.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kumpa kitu mkononi hampi, anakiweka chini, mwenyewe anakiokota. Sikujisahau, najua mila zetu vizuri. Mikono ilitangulia tu.

Hakuanguka, hakuumia. Alijinyoosha nguo, akaingia ndani, akafunga mlango. Baadaye nilituma kitenge na sukari kupitia kwa Bhoke kuomba radhi, vikapokelewa vizuri, na salamu ikarudi kwamba hana kinyongo. Ila gari lile hatapanda tena. Heri asimwone mdogo wake kuliko kubebwa na mkwe kama gunia la mahindi.

Aliyelinyanyua lile gari ni mimi. Yule mama alidhalilika mlangoni kwake mwenyewe kwa sababu ya sifa zangu za stendi.

Basi nikaamua gari litamfuata yeye aliko.

Wazo lilitoka kazini. Malori makubwa yana mipira ya upepo chini ya kichwa, pale dereva anapokaa, ili asitikiswe mifupa. Ukiujaza mpira upepo, unanyanyuka; ukiutoa upepo, unakaa chini. Nikajiuliza kwa nini gari langu lisipate hiyo badala ya springi za nyuma. Nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu wa Isebania, upande wa Kenya, ambaye huwa tunataniana sana, nikachagua mipira miwili ambayo haikuwa na ufa. Akaniangalia.

"Buda, hii ni ya kubeba kichwa ya lori. Wewe unataka ibebe nani?"

Nikamwambia ni mama mkwe.

"Kwani ni mzito kushinda lori?"

Nilicheka hadi machozi, kisha nikamweleza hadithi yote, naye akaacha kucheka. Yeye pia ni Mkurya, mpaka umempitia tu katikati. Alirudi ndani akanibadilishia mpira mmoja, akasema ule wa kwanza asingempa mtu anayebeba mama.

Jioni zote za miezi miwili zimeishia nyuma ya nyumba yangu. Nilikata vibati vinene, nikavichomelea pale springi zilipokuwa zinakaa, mipira ikafungwa juu yake. Kila mpira nikaupa bomba lake na koki yake, maana ukiiunganisha pamoja upepo unakimbilia upande mmoja kwenye kona na gari linalala. Ndani ya mipira nikaweka vipande vya raba ngumu, ili mpira ukipasuka njiani gari likalie raba na tusiishie mtaroni. Pampu ni ile ya umeme ya kujazia matairi.

Kipimo alikileta Bhoke. Yeye ni fundi cherehani, alikwenda kwao na futi yake ya kushonea, akajifanya anampima mama yake gauni, akapima pia kimo cha zile kreti anazokalia. Sentimita sitini na mbili na gunia juu yake. Kiti changu cha nyuma kilikuwa sabini na tisa. Mipira ingenipa kumi na mbili, tano zilizobaki nikazitoa kwa kukata miguu ya kiti.

Hapa panafuata aibu. Nimefikiria kuiruka, lakini shajara ya kuruka aibu ni matangazo ya biashara.

Ekseli ya nyuma ya gari hili inazuiwa isiyumbe kulia wala kushoto na chuma kimoja kirefu kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chasi. Gari likishuka, chuma hicho kinaisukuma ekseli pembeni, na tairi linakaribia kula bodi. Dawa yake ni kuwa na chuma kinachorefuka na kufupika, ili utafute urefu unaofaa gari likiwa juu na likiwa chini. Nikaondoa cha zamani, nikatengeneza changu: bomba katikati, bolti nene huku na huku. Nikachomelea, nikasugua na grenda hadi pakang'aa, nikapaka rangi nyeusi. Nikamwita Bhoke aje aone.

Nikazungusha bomba. Bolti ya kulia ikaingia, ya kushoto ikatoka. Nikazungusha tena, kwa nguvu. Bomba lilikuwa linatembea tu, mara huku mara kule. Urefu ulikuwa ule ule.

Bhoke akaniuliza kama ndivyo kinavyofanya kazi.

Nilikuwa nimeweka bolti zenye meno yanayokaza kulia pande zote mbili. Mimi! Kila siku ya Mungu nafungua tairodi, vile vyuma vya usukani wa malori, na kila tairodi ina meno ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, ndiyo maana ukiizungusha inarefuka. Kuna vijana Sirari nimewafokea kwa kutolijua hilo. Nilikaa chini kwenye majani nikiwa nimekishika kile chuma kizuri cheusi. Kesho yake nilichukua tairodi ya lori iliyochoka, nikakata ncha zake zenye meno, nikaziunganisha na bomba langu. Ikazunguka, ikarefuka. Ikazunguka kinyume, ikafupika. Sikumwita mtu.

Kujaribu nilijaribu mwenyewe. Nilijifunga vipande vya mbao nyuma ya magoti kwa mpira wa ndani wa tairi, miguu ikawa haikunjiki, nikawa nakiendea kiti kinyumenyume, nakaa, nainuka, nakaa tena. Mara ya kwanza niliishia chini. Jirani alisimama njiani akaangalia kwa muda, kisha akamuuliza Bhoke kwa upole kama nimeanza kuumwa. Halafu nikapakia magunia matatu ya mahindi nikashuka nayo mabondeni na kurudi, siku tatu mfululizo, nikiilazia sikio mipira ile kama mtu anayesikiliza tumbo la mtoto. Haikuvuja.

Ndipo Bhoke akapeleka ujumbe. Mama yake alijibu kwamba gari lije, yeye ataliangalia. Hakusema atapanda.

Leo asubuhi nimelisogeza hadi karibu na jiko lake, nikafungua mlango wa nyuma na koki zote mbili. Upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, kuku wakakimbia, na gari likashuka nyuma polepole kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sikumwangalia usoni, lakini niliona miguu yake imesimama.

Halafu nikaondoka. Nilikwenda nyuma ya ghala nikageukia shamba la mihogo, kwa sababu mtu mzima anayehangaika kukaa hapaswi kuangaliwa na mkwe wake. Bhoke hakunituma, nililiamua mwenyewe tangu wiki iliyopita. Lakini nikiri: ilinichoma. Miezi miwili ya kuchomelea, vidole vimeungua, halafu dakika yenyewe naangalia mihogo. Nilitamani kuchungulia. Mara mbili shingo ilianza kugeuka, nikairudisha.

Nilisikia fimbo yake ikigonga jiwe. Kisha kimya, kirefu mno. Nikaanza kuhesabu makosa yangu yote, kibati hadi kibati. Kisha mlango wa gari ukafungwa, mara moja, kwa nguvu.

Bhoke hafungi mlango hivyo. Ule ulivutwa na mtu aliyekaa ndani.

Nililia kidogo pale kwenye mihogo. Naandika hivyo hivyo, sina sababu ya kuficha.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza Bhoke pembeni ilikuwaje. Nilitaka kila kitu: aliushika wapi mlango, alisitasita, alisema nini. Bhoke akafikiri.

"Alikaa tu," akasema.

Nimekasirika kwa muda wa kilomita tano hivi. Alikaa tu! Kisha nikaelewa kwamba katika maisha yangu ya ufundi sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Nilijaza upepo, gari likapanda, na njiani mawe yakapita chini bila kutugusa. Mama mkwe hakunisemesha, nami sikumsemesha, kama inavyotakiwa. Aliongea na Bhoke juu ya mashamba ya watu. Tulipofika hapa nililishusha tena, nikajitenga, naye akateremka. Niligeuka kwa bahati mbaya mapema kidogo. Nyangi alikuwa ameushika uso wa dada yake kwa mikono miwili, ameusogeza karibu sana na wake, anauangalia. Nikageuka haraka.

Nilipokuwa naandika haya Bhoke ametoka nje. Amesimama mbali kidogo, anatabasamu lile tabasamu lake la kuleta kazi. Mama ametuma swali, anasema: hilo gari linaweza kubeba wawili?

Nimeuliza wawili gani.

"Mama mdogo anataka kuja na sisi Nyarero. Anasema anataka kukiona kile kilima walikozaliwa, wakati bado anaona."

Nimemjibu awaambie nafasi ipo. Bhoke amerudi ndani, na sasa nasikia vyombo vinapangwa, mtu anatafuta kanga yake, mtu mwingine anamharakisha. Nyangi naye ni mama mkwe kwangu, kwa hiyo naye hatashikwa.

Kesho nitarudi kwenye breki za malori ya watu na makelele ya Sirari. Jioni hii nina akina mama wawili wa kufikisha kilimani kabla jua halijazama. Ngoja nikafungue koki.