Mtoto Bado Hana Jina

Kipsongo, Kitale

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Goti limepoa kidogo? Hapo Matulo mvua imewafikia? Mimi ni mzima, ila majani ya mahindi yametukata mikono na shingo. Shamba hili ni la mbegu. Kutwa tunang'oa maua ya mistari ya kike, ili ipate vumbi la maua ya mistari ya kiume tu. Nikirudi jioni nalala na viatu.

Mama, mke wangu hajakusema vibaya. Ni binamu aliyepita huku aliyenieleza kwamba mtoto akilia umekataa kumwitia majina ya wazee wetu waliotutoka, mpaka anyamaze akisikia lake. Ati kwa kuwa ni zeruzeru, si damu yangu, mama yake alimpata nje.

Sasa nisikilize. Juzi mwalimu wa sekondari alileta wanafunzi shambani, awafundishe jinsi mtoto anavyorithi wazazi. Alitoa mkobani hindi kavu la manjano, lenye punje nyeupe hapa na pale.

"Hizi nyeupe zimetoka wapi?"

"Kwa jirani, mwalimu," kijana mmoja akasema. Wakacheka.

"Hapana. Baba alikuwa wa manjano, mama wa manjano. Weupe ulijificha kwa wote wawili."

Niliacha mstari wangu. Nikauliza, "Na zeruzeru je?"

Msimamizi akanifokea, "We, rudi kwa mstari. Unatafuta cheti?"

Lakini mwalimu alinijibu. "Ni vivyo hivyo, mzee. Lazima apate kwa mama, na kwa baba pia."

Kwa baba pia. Mimi nami nilipata kwako, au kwa marehemu baba. Sikulaumu, hakuna aliyejua. Mwalimu hakusema baba wa huyu mtoto ni nani. Hilo nasema mimi: ni wangu. Ukimkataa, umenikataa.

Mimi siwezi kumwitia majina, hiyo ni kazi ya nyanya. Nakuomba, akilia umchukue, umkinge jua kwa leso yako, uanze na wazee wa upande wetu. Usiharakishe. Hata akikataa wengi, endelea.

Nisalimie shangazi anayeuza maziwa, na mdogo wangu wa mwisho, asiache shule kama mimi. Mwanangu Wafula mwambie asimkimbilie dadake mchanga na mikono ya matope. Mama yao mwambie kofia ya mtoto nimeinunua, ile pana.

Ni mimi mwanao,
baba yao wote wawili