Mtoto Aliyechomwa Sindano

Gerezani, Dar es Salaam

Khalfani mume wangu,

Tangu siku ile simu zangu hupokei, basi barua hii anakuletea dereva Fikirini huko Tunduma. Hapa tupo. Mvua imenilowanishia vitenge pale Kariakoo, na paka wa jirani kazaa chini ya meza yangu.

Mwanao njiti hatetemeki tena. Mama yako alishikilia kwamba lile ni degedege, na mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Ukamwamini. Ukanipigia nimtoe wodini, nimpeleke kwa mganga.

Nesi akaniambia damu yake imepungukiwa kalsiamu, maana alizaliwa kabla hajapata ya kutosha tumboni mwangu. Nikasema mchomeni. Wakampitishia dawa kwenye mshipa, polepole, huku wakimsikiliza moyo. Mikono ikatulia, akameza maziwa yangu.

Nilipokwambia nimekubali sindano, ulikata simu. Mama yako yeye alikwenda kununua sanda, akaniletea hadi wodini.

Mwambie nimeipokea. Ni bafta laini, haimchubui mtoto. Nimeikata nepi, na leo ameshachafua tatu.

Mkeo, kama bado,
Mwanne