Bastola Uliyoniagiza, Baba

Johannesburg,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba, Matwebe,

Shikamoo baba. Goti lile la kushoto linaendeleaje? Kama mvua bado zinalisumbua, usilazimishe kupanda baiskeli kwenda Kisondela, kahawa haikimbii. Mama je, kifua kimepona? Mimi mwili mzima, nakula, kazini naenda. Moyo ndio hautulii. Barua hii nimeianza mara nne tangu Jumatano. Ya kwanza niliichana, ya pili nikaimwagia chai, ya tatu nilipoirudia nikaona nakudanganya. Hii nitaimaliza hata ikitoka vibaya, maana nikinyanyuka tena hapa mezani sirudi.

Baba, mbele yangu zipo barua mbili. Moja yako, ya kuniagiza bastola. Nyingine ya mama, imefika wiki nne baada ya yako, na dada Tumpe ndiye aliyemshikia kalamu. Wewe unasema ulimfyatulia mwizi migombani. Mama anasema yule hakuwa mwizi. Alikuwa Atupele, mke wangu, mkweo.

Haya, nimeshalisema. Utanisamehe mwandiko.

Nianze na bastola, nisije nikaonekana nilipuuza agizo lako. Uliniambia kibali umeshapata, na tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa unatembea na fedha mfukoni kwenye njia ambazo hata mchana zina giza la miti. Uliniambia jinsi mnunuzi mwenzako alivyovamiwa darajani wakamwacha na chupi. Ukasema unataka bastola moja kwa kazi mbili: ikae kiunoni siku za kununua, na siku za sikukuu ukashindane nayo kulenga shabaha kule Mbeya, uwaonyeshe wale vijana kwamba mkufunzi wa mgambo hajazeeka. Nilicheka nikasema, huyo ndiye baba yangu.

Lakini we baba, agizo gumu hilo! Mimi hapa dukani kazi yangu ni kusafisha silaha na kuwaonyesha wateja, nimeshazishika nyingi, na bado ulinitoa jasho. Ya kiunoni inatakiwa iwe nyepesi na fupi, isikuchome ubavu ukiinama kukagua gunia. Ya mashindano inataka uzito na mtutu mrefu kidogo, isirukeruke mkononi, risasi ya pili iifuate ya kwanza. Bosi nilipomweleza alisema, "Baba yako anataka ng'ombe wa maziwa ambaye pia analima." Nikamwambia kwetu hata ng'ombe huyo tungemtafuta.

Nilijaribu tatu, Jumamosi tatu mfululizo, kwenye uwanja wa kulengea ulio nyuma ya duka. Ya kwanza ya Kiaustria, mwili wa plastiki, nyepesi kabisa, ila mpini wake mnene na mkono wako mdogo. Ya pili ya Kitaliano, nzuri mpaka unatamani kuiweka kabatini uiangalie tu, lakini ukiivaa suruali inashuka. Ya tatu ya Kicheki, chuma tupu, mpini mwembamba, inakaa mkononi utadhani ulizaliwa nayo. Na unajua nilichofanya? Nilikunja ncha ya kidole changu cha shahada nikaifunga kwa plasta, kiwe kifupi kama chako kilichokatwa na panga mwaka ule wa migomba mipya. Nikajaribu triga zote nikiwa na kidole chako. Ile ya Kicheki peke yake ndiyo niliyoifikia bila kugeuza kiganja. Hatua kumi na tano, risasi kumi, zote ndani ya duara dogo kuliko kisosi. Wenzangu walinipigia makofi. Nikaifungia karatasi yenye jina lako, tukaanza kuandaa nyaraka za kumpelekea wakala wa Dar es Salaam.

Siku hiyohiyo nikawasomea wenzangu barua yako, nikiwatafsiria pale unaposimulia asubuhi ile ya ukungu. Ulivyotoka na gobole la babu. Ulivyoona mtu ameinama kati ya migomba. Ulivyoita, "Nani wewe?" mara tatu, na mtu kimya. Ulivyofyatua, na mtu akakimbilia mtoni. Halafu nikasoma mstari wako wa mwisho: "Ningekuwa na bastola asingeinuka." Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, baba, na sasa nikikumbuka kicheko kile natamani kujitapikia.

Kisha barua ya mama ikaja. Anasema Atupele alikuwa anatoka kuchota maji. Akasikia hatua zako kwenye njia. Akafanya alivyofundishwa na bibi zake, akatoka njiani, akajiingiza migombani, akainama na kuufunika uso kwa kanga mpaka baba mkwe apite. Ukaita. Atakujibuje? Tangu nimuoe hajawahi kukutazama usoni, hajawahi kulitaja jina lako, sauti yake wewe huijui. Akazidi kunyamaza. Ndoo imetobolewa matundu matatu, na kijipande kimoja cha chuma kilimchana bega. Alimwambia mama ameanguka na ndoo. Mama alijua siku ya pili, alipomwona anafua kanga yenye damu peke yake. Akamsihi mama asikuambie, baba asije akaona aibu. Bega lake linauma, na anaionea huruma aibu yako! Nimelia kwa hilo dukani, mchana kweupe, mbele ya mteja.

Mwenzangu mmoja wa hapa, Mzulu, aliniuliza, "Lakini kwa nini hakusema tu ni mimi?" Nikaanza kumweleza, nikashindwa kumaliza. Maana nikilitazama jambo lenyewe, hakuna aliyekosea. Wewe uliita mara tatu, kama inavyotakiwa. Yeye akanyamaza, kama inavyotakiwa. Mlifanya sawasawa wote wawili, na nusura mimi niitwe nyumbani kuzika.

Nimekasirika, baba. Nakuheshimu, sijawahi kukujibu katika maisha yangu, na nimekasirika. Nimekasirika na wewe kwa kufyatua kitu usichokiona. Wewe mwenyewe ulitufundisha, tukiwa na manati tu, kwamba kwanza uone, ndipo uvute. Nimejikasirikia na mimi niliyemwacha pale nikaja kung'arisha silaha za watu. Natembea chumbani, nakaa, nasimama, naunguza wali kila siku. Jana nilipanda basi la upande mwingine, nikashtuka nimefika mwisho wa njia.

Na usimgombeze mama. Nakuomba sana. Amekaa na jambo hilo tumboni mpaka akasikia habari za bastola, ndipo akamtafuta Tumpe amwandikie. Aliona mbali kuliko mimi na wewe.

Sisemi wezi hawapo. Wapo, na nakuogopea kila siku ya kununua. Lakini bastola haibaki njiani. Jioni inarudi na wewe nyumbani, asubuhi unaamka nayo, na migomba ni ileile, na mkweo bado anakwenda mtoni kwa njia ileile. Gobole la babu lilikosa kwa sababu ni bovu. Hii niliyokuchagulia haikosi. Nimeijaribu kwa kidole chako mwenyewe.

Kwa hiyo juzi nimeitoa ile karatasi yenye jina lako na kuirudisha bastola kabatini. Bosi aliuliza mara moja tu, nikamwambia mzee bado anafikiri. Nisamehe kwa kukusemea uongo. Sikukatalii, baba. Naweka sharti, na najua mtoto hamwekei baba yake sharti, ila sina njia nyingine. Mwite Atupele, mama awepo, na mzee mmoja wa kanisa kama mnaona inafaa. Mfungulie mdomo. Mwambie kwamba akiitwa na wewe, aitike. Kwenye nyumba za wenzetu wengine wameshafanya hivyo na mbingu haijaanguka. Siku Tumpe atakayoniandikia kwamba uliita "Nani?" migombani na mke wangu akajibu "Ni mimi, baba," siku hiyo bastola itaanza safari, na mashindano ya Mbeya utashinda.

Kama utaona nimevuka mpaka, niandikie unigombeze. Nitapokea. Ila usiandike kwamba hutaki, kwa sababu nikiisoma hiyo nitapanda basi kuja kumchukua, na kazi hii nitakuwa nimeiacha.

Msalimie mama, mwambie barua yake ilifika na nimeitunza. Msalimie dada Tumpe huko mjini, na shemeji, na watoto wao. Msalimie baba mdogo Ambakisye, mwambie viatu alivyoomba nimeshavipata. Wote wa hapo Matwebe wanaoniuliza, waambie nipo.

Salamu za Atupele safari hii sizipitishi kwa mama. Nazipitisha kwako. Mwambie, "Mumeo anakusalimia, anauliza bega linaendeleaje." Kisha usubiri akujibu, baba, uniandikie alivyosema.

Ndaga fijo, asante sana baba.

Mimi mwanao,
Ipyana