Wakwe Wanataka Biti Kumi na Sita

Mpendwa Shangazi Beldina, naomba unisaidie kabla sijakosa mke kwa sababu ya namba. Mimi ni Mutie, nina studio ya picha hapa Kariobangi, na mwezi ujao nilikuwa nimuoe Jecinta, sasa juzi mjomba wake, Mzee Ngigi, seremala wa Gikomba, alipita kuona picha ya Jecinta ya kadi za harusi, akanikuta naihifadhi, kompyuta ikauliza rangi ziwe za biti nane au kumi na sita, nikabonyeza nane kama kawaida yangu, naye akasema, "Na hiyo kumi na sita unamwekea nani?" Nikacheka, Shangazi, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mzee aliondoka bila kumaliza chai, akaenda kutangaza kwamba nimempunja binti yao nusu, na mazungumzo ya ruracio, yaani mahari, yamesimama mpaka nimrudishe akiwa mzima. Kutafuta amani nikaifungua ile ile picha ya nane nikaihifadhi upya kwa kumi na sita, nikaituma kwenye kundi lao la WhatsApp, ikawa nzito na haikufunguka kwa simu ya mtu yeyote, ndipo mama yake mdogo, Kate, akaandika, "Kwanza alikuwa nusu, saa hii hayuko kabisa." Na kwetu wanasema nikishuka tena hadi nane nitaonekana sina msimamo. Silali, sili. Nihifadhi ngapi?

Mutie, Kariobangi

Mutie mwanangu, pole, lakini umejitakia. Mzee wa ukweni akiuliza swali hachekwi, hujibiwa. Halafu kugeuza nane kuwa kumi na sita hakuongezi rangi hata moja. Umemimina chai ya kikombe kwenye sufuria ukadhani imekuwa nyingi.

Rudi kwenye picha asili, ile iliyotoka kwenye kamera. Ifanyie kazi kwa kumi na sita, ili anga la nyuma lisikatike mistari mistari, na hiyo ubaki nayo. Kisha toa nakala ya nane, ndiyo ya simu na ya kadi. Mzee Ngigi mweleze kwa kazi yake: hununua ubao mnene ili apate pa kupiga randa, lakini mteja hapelekewi ubao ghafi sebuleni. Nenda na sukari, kompyuta iache.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta Jecinta anasemaje, sikupata. Mjomba ameuliza, Kate ameandika, kwenu wamesema, hata kompyuta imeuliza. Anayeolewa hakuna aliyemuuliza. Mpigie leo, na akikwambia hiyo picha hajawahi kuipenda, mpige nyingine.